GPS ya gari bado inanishusha kivukoni Kigongo: nirekebishe nini?

Mzunguko_Igoma aliuliza:

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wa wanaozijua GPS za kuonyesha njia, zile za kubandika kwenye kioo cha mbele. Sizungumzii zile za kufuatilia gari likiibwa.

Gari ni Noah iliyotoka Japani, kazi ni kusambaza vipuri vya pikipiki kutoka mjini Mwanza kwenda Magu, Sengerema, Geita na mitaa ya Ilemela. Kifaa ni Garmin cha mtumba, skrini inchi 5, ramani ya Tanzania imo ndani. Nikiweka Sengerema kinanipeleka Kigongo mpaka kwenye foleni ya kivuko, wakati daraja lipo na magari yanapita. Nikichagua kuepuka vivuko, kinaleta njia ndefu ajabu. Asubuhi kinakaa dakika nyingi kinatafuta setilaiti huku nimeshaondoka. Nyumba za wateja Kiseke, Buswelu na Isamilo hakizijui kabisa, na kikizijua kinanitupa kwenye njia ya mawe inayopanda mlima, gari haipiti.

Kifaa ndicho kibovu, ramani ndiyo mbovu, au kuna kitu sijaseti? Na je, kinahitaji bando? Gari yenyewe ina skrini yake ya Kijapani, hiyo nayo naweza kuitumia?

Dira_Ziwa alijibu:

Mkuu, bando hakihitaji, na kwa dalili ulizotaja kifaa ni kizima.

Tenganisha mambo mawili: kujua gari iko wapi, na kujua barabara ziko wapi. La kwanza linatoka angani. La pili limo ndani ya memori ya kifaa, na lilichorwa na watu kwa tarehe fulani. Setilaiti za GPS ziko juu kilometa 20,200 hivi, hazijui habari yoyote ya Kigongo wala Busisi iliyo ng'ambo yake. Zinatangaza saa na mahali zilipo, basi. Kifaa kinasikiliza angalau setilaiti 4, kinapima mawimbi yamechukua muda gani kufika, kisha kinapiga hesabu ya latitudo na longitudo. Ndiyo maana kinafanya kazi hata porini kusiko na mnara wa simu. Simu inakula bando kwa sababu inapakua ramani na hali ya foleni unapotembea. Kifaa chako ramani kinayo tayari.

Sasa suala la daraja. Daraja la J.P. Magufuli lilizinduliwa Juni 19, 2025. Ramani ya zamani kuliko hapo pale inaona maji, na juu ya maji mstari wa nukta nukta wa kivuko. Ukiiruhusu vivuko, inakupeleka kivukoni. Ukiikataza vivuko, haibaki na namna ya kuvuka Ghuba ya Mwanza ila kuizunguka kwa kusini, na hiyo ndiyo njia ndefu unayoiona. Kifaa kinahesabu sawasawa kwa ramani kilichopewa. Kwa hiyo kuwasha na kuzima hiyo seti ya vivuko hakutakusaidia mpaka ramani ibadilike.

Hakikisha kwanza, usinunue kitu. Ingia kwenye taarifa za ramani ndani ya mipangilio, soma mwaka wake. Halafu kuza ramani pale Kigongo. Barabara iliyochorwa mstari kamili mpaka ng'ambo maana yake daraja limo. Ukiona nukta nukta peke yake, halimo. Kuna kosa la kati pia: mstari wa daraja unaonekana, lakini haukuunganishwa vizuri na barabara ya Usagara, hivyo kifaa hakiwezi kupita juu yake. Hilo unalipima hivi: weka Usagara iwe mwanzo, Sengerema iwe mwisho, kisha usome orodha ya kona moja moja. Popote ikitajwa feri, ramani haifai kwa safari hiyo.

Kwa safari ya kesho kabla hujapata ramani mpya, ivunje njia vipande viwili. Weka mwisho uwe Kigongo tu. Ukikaribia, fuata vibao vya barabarani vya darajani, acha kifaa kilalamike. Utakapokuwa juu ya daraja, kialama cha gari kitaonekana kinaelea kwenye rangi ya bluu, na kifaa kitaendelea kupiga hesabu upya. Usikiguse. Ukishashuka Busisi, simama pembeni, ndipo uweke Sengerema.

Kupata ramani mpya kuna njia mbili. Kama mwenye kampuni bado anatoa ramani za kifaa hicho, unakiunganisha na kompyuta na kusasisha kwa programu yake, na hapo ndipo intaneti inahitajika, tena nyingi, ya mara moja. Kama hatoi, tumia ramani ya OpenStreetMap. Hii inachorwa na watu wa kujitolea dunia nzima, na kuna wanaoitengeneza bure katika muundo wa vifaa vya Garmin. Ukipakua utapata faili lenye jina gmapsupp.img. Chukua memori kadi ya GB 4 au 8, ifomati kwa mfumo wa FAT32, fungua folda uliite Garmin, weka faili humo bila kubadilisha jina hata herufi moja, maana vifaa vya zamani vinatafuta jina hilo hilo. Usitumie kadi inayozidi GB 32: hizo kubwa huja na mfumo wa exFAT, na vifaa vingi vya zamani havisomi.

Ukiingiza kadi, rudi kwenye mipangilio ya ramani, weka tiki kwenye ramani mpya na UONDOE tiki ya ile ya zamani. Hapa ndipo wengi wanakwama. Ramani mbili za eneo moja zikiwa zimewashwa pamoja, kifaa kinachagua chenyewe ifuatwe ipi, na kwa kawaida utaendelea kuelekezwa kivukoni ukidhani kadi haijasoma.

Kuhusu asubuhi. Kila setilaiti inatangaza taarifa ya njia yake yenyewe, na kifaa kinahitaji kuisikia kwa sekunde 30 hivi bila kukatika. Taarifa hiyo inafaa kwa saa 4 tu. Kwa hiyo ukizima jioni na kuwasha asubuhi, kifaa kinaanza upya. Ukiwa unatembea katikati ya maghorofa au chini ya miti, zile sekunde zinakatika, kinaanza tena, zinakatika tena. Dawa ni ndogo: toa gari chini ya paa la bati, washa kifaa, kaa palepale dakika 2 mpaka mistari ya setilaiti ijae, ndipo uondoke. Kifaa kilichosafirishwa kutoka nchi nyingine au kilichokaa kabatini miezi kitataka zaidi, kwa sababu orodha ya setilaiti zote inachukua dakika 12 na nusu kutangazwa mzunguko mmoja. Hicho kipeleke mahali peupe kama uwanja wa Furahisha, kikae dakika 20 kimechomekwa kwenye chaja, gari imesimama.

Na tazama tarehe kwenye skrini. GPS inahesabu wiki kuanzia 0 hadi 1023 kisha inarudi 0. Mara ya mwisho ilirudi 0 usiku wa kuamkia Aprili 7, 2019. Kifaa ambacho programu yake haikusasishwa kinaweza kuonyesha tarehe iliyorudi nyuma miaka 19 na miezi kadhaa. Mahali kitaonyesha sawa, lakini saa ya kufika itakuwa ya uongo, na baadhi huchelewa zaidi kupata setilaiti. Hiyo ni programu ya kifaa, siyo ramani, inasasishwa kivyake.

Nukta_Tano alijibu:

Niongezee upande wa nyumba za wateja, maana hilo haliponi kwa ramani mpya peke yake.

Usitafute nyumba kwa jina la mtaa. Tafuta kwa kodineti. Mwombe mteja akutumie mahali alipo kwa simu akiwa amesimama getini kwake, siyo akiwa sokoni. Ukifungua utaona namba mbili, kwa mfano -2.51600, 32.90000. Ya kwanza ni latitudo, ya pili ni longitudo. Kuanzia Geita mpaka Magu, ya kwanza lazima ianze na 2 yenye alama ya kutoa, na ya pili ianze na 32 au 33. Ukiona kitu tofauti, usiondoke.

Kuna makosa matatu na yote yanajirudia.

La kwanza ni kusahau alama ya kutoa, au kuacha kifaa kwenye N wakati sisi tuko kusini mwa ikweta, yaani S. Weka 2.516 N na 32.9 E uone: kifaa kitakupangia safari ya kwenda upande wa Lira, kaskazini mwa Uganda, na hakitakuuliza kama umekosea. Ukiona umbali wa mamia ya kilometa kwa mteja wa Buswelu, angalia herufi hiyo kwanza.

La pili ni kugeuza namba, longitudo mahali pa latitudo. S 32.9 na E 2.5 ni katikati ya bahari ya Atlantiki. Hapo angalau kifaa kitasema njia haipo, utashtuka.

La tatu ndilo baya kwa sababu halishtui. Vifaa vingi vya zamani vinakuja vimesetiwa digrii na dakika, na simu inakupa digrii zenye desimali. Dakika ziko 60 katika digrii moja, siyo 100. Kwa hiyo 2.516 unaacha 2, unachukua 0.516 unazidisha kwa 60, unapata 30.960. Unaandika S 2°30.960'. Longitudo 32.900 inakuwa E 32°54.000'. Mtu akiandika 2°51.6' kwa haraka, amesogea kusini karibu kilometa 38, ameangukia upande wa Misungwi, na kwa macho namba inafanana kabisa na ya kweli. Kuliko kupiga hesabu kila siku, ingia kwenye mipangilio, badilisha muundo wa kodineti uwe digrii zenye desimali, uuache hapo.

Andika desimali 5. Digrii moja ni kilometa 111 hivi, kwa hiyo desimali ya tano ni kama mita moja. Ukikatia desimali 3 umeruhusu kosa la mita mia na kidogo, na Mabatini mita mia ni mtaa mwingine kabisa.

Sasa njia ya mawe. Ukimpa kifaa nukta ya nyumba, kinatafuta mstari wa barabara ulio karibu zaidi na nukta hiyo kwa kipimo cha moja kwa moja. Hakijui kwamba kati ya mstari na nyumba kuna jabali. Kwa Isamilo, Bugando au Mabatini, nyumba iliyo juu ya mwamba inaweza kuwa mita 40 kutoka barabara ya chini, lakini gari inapita kwa juu, kwa mzunguko. Kwa hiyo kwa kila mteja wa mlimani hifadhi nukta mbili: ya kwanza pale unapoacha lami au barabara kubwa, ya pili getini. Unaziita kwa jina moja, mfano "Isamilo duka 1" na "Isamilo duka 2". Unaenda 1 kwanza. Ukifika, unaita 2. Kifaa kinakosa nafasi ya kukuletea mkato wake.

Pia angalia kama umeseti njia fupi badala ya njia ya haraka. Njia fupi inahesabu mita tu. Kichochoro cha miguu kilichochorwa kimakosa kama barabara ndogo kitashinda lami kila mara. Weka ya haraka. Seti ya kuepuka barabara za vumbi iwashe kwa safari ya Magu au Geita, ila ukiingia mitaa ya Kiseke na Buswelu izime, la sivyo itakuzungusha au iseme njia haipo, kwa kuwa mitaa mingi ya ndani haina lami.

Vibao vya anwani za makazi vilivyowekwa mitaani vinasaidia mwishoni: muulize mteja jina la barabara na namba ya nyumba, usome kwa macho ukishakaribia. Usiingize postikodi kwenye kifaa. Tarakimu zile 5 zinaishia kwenye kata.

Fundi_Waya_Nyakato alijibu:

Skrini ya Kijapani: achana nayo kwa njia. Ramani iliyomo ni ya Japani peke yake, iwe kwenye diski ngumu, DVD au memori kadi, na hakuna ramani ya Tanzania iliyotengenezwa kuingia humo. Anayekuambia anabadilisha lugha na ramani anakuuzia maneno. Nyingine zikikatwa betri ya gari zinajifunga na kudai namba ya siri. Kama unataka skrini kubwa, unaondoa hiyo unaweka redio ya Android, unapakia programu ya ramani isiyohitaji intaneti kama Organic Maps au OsmAnd na ramani ya Tanzania nzima.

Ukifunga redio ya Android, kazi yote iko kwenye antena ya GPS. Ni kile kiboksi cheusi kidogo chenye sumaku na waya wa mita 3 hivi. Mafundi wengi wanakisokomeza nyuma ya redio, katikati ya vyuma, halafu mteja analalamika kuwa gari inaruka mitaa. Kiboksi kinatakiwa kiwe juu ya dashibodi karibu na kioo, uso wake wa plastiki ukitazama mbingu, upande wa sumaku chini. Nati ya waya ikaze kwa vidole mpaka mwisho, ikilegea kidogo setilaiti zinapotea kwenye matuta.

Kwa kifaa chako cha kubandika: kama kioo cha mbele kina tinti yenye chembe za chuma, mawimbi hayapiti vizuri. Jaribu kukitoa nje ya dirisha ukishike kwa mkono. Setilaiti zikipanda kutoka 3 kwenda 8 ndani ya nusu dakika, tatizo ni kioo.

Kile kikombe cha kunata kikidondoka, kioshe kwa maji ya uvuguvugu, safisha kioo kwa spiriti, kausha, bandika. Usiache kifaa kwenye dashibodi mchana gari ikiwa imefungwa. Betri ya ndani ni ya lithiamu, jua la Mwanza linaivimbisha mpaka skrini inanyanyuka kwenye fremu. Skrini ikianza kuachia upande mmoja, acha kuchaji, badilisha betri.

Lori_Kanda alijibu:

Wamesema vizuri. Mimi naongelea barabara kubwa.

Kwa anayetoka Magu kwenda Geita au Shinyanga bila shughuli mjini, kuna barabara ya mchepuko ya Kisesa kwenda Usagara. Ramani za zamani hazina, au zinaihesabu kama ya vumbi, kwa hiyo kifaa kinakuingiza Igoma, Buzuruga, Mabatini mpaka katikati ya jiji, kisha kinakutoa kwa Mkuyuni na Nyegezi. Kwa gari ndogo ni kero. Kwa lori ni nusu ya siku. Lazimisha kwa kuweka kituo cha kati Usagara kabla ya mwisho wa safari, na ukifika Kisesa fuata kibao.

Kwa Ukerewe kwa gari, mambo ni kinyume cha Sengerema. Ukipita Bunda na Kisorya lazima uvuke kwa kivuko kwenda Rugezi, hivyo seti ya kuepuka vivuko iwe imezimwa. Ikiwa imewashwa kifaa kitasema hakuna njia, na hakijakosea. Saa ya kufika kinayoonyesha usiiamini, kwa sababu hakijui ratiba ya kivuko wala foleni ya magari.

Sikiliza mita, usikodolee picha. Vifaa vingi vinapata mahali papya mara moja kwa sekunde. Kwa kilometa 50 kwa saa umeshatembea mita 14 ndani ya sekunde hiyo, kwa 80 ni mita 22. Kwenye njia panda zilizokaribiana, picha inachelewa, unakata kona ya pili badala ya ya kwanza. Kikisema mita 200, hesabu kona kwa macho. Kwenye kipilefti anza kuhesabu matokeo kutoka kushoto kwako.

Ukipitiliza kona, usigeuze gari barabarani kwa sababu sauti imesema ugeuze. Haioni bodaboda walio nyuma yako. Endelea mpaka mahali salama, kifaa kitapiga hesabu mpya chenyewe.

Kasi inayoandikwa kwenye kona ya skrini kama kiwango cha barabara ni ya kuchorwa, na vijijini mara nyingi haipo au imekosewa. Kibao cha 50 kilichosimama pembeni ndicho kinachotawala, hata kama skrini inasema 80. Kasi ya gari yako inayopimwa na GPS ndiyo sahihi zaidi kwenye barabara iliyonyooka, mshale wa gari kwa kawaida unazidisha kidogo.

Kwa magari makubwa: tundu la sigara la Fuso au Scania ni volti 24. Chaja iandikwe 12–24V. Ya volti 12 pekee itaungua, na inaweza kuondoka na kifaa.

Mzunguko_Igoma aliuliza tena:

Nashukuru sana wakuu. Nimepima: ramani ni ya 2016, Kigongo ni nukta nukta kama Dira_Ziwa alivyosema. Muundo wa kodineti ulikuwa digrii na dakika, nimebadilisha. Ramani ya OpenStreetMap nimeipakia kwenye kadi ya GB 8 na njia ya Usagara kwenda Sengerema sasa inapita darajani.

Yamebaki mawili. Nikikichomeka kwenye gari kwa waya wa kawaida wa USB, kinaonyesha picha ya kompyuta na kinakataa kufungua ramani. Na kuna njia moja Isamilo ambayo ni ngazi za mawe kabisa, lakini ramani mpya nayo inaiona barabara ya gari.

Fundi_Waya_Nyakato alijibu:

Picha ya kompyuta ni waya. Ile plagi ndogo ya mini-USB ina pini 5. Waya wa chaja ya asili una pini ya nne iliyoungwa ndani ili kifaa kijue kimechomekwa kwenye gari. Waya wa data hauna, kwa hiyo kifaa kinadhani kiko kwenye kompyuta. Tafuta chaja ya gari ya aina ya kifaa chako, yenye kichwa cha sigara na waya wake wa kudumu. Ukinunua dukani, ichomeke kwenye gari palepale uone kama ramani inafunguka kabla ya kulipa.

Kama kichwa cha sigara hakiwaki kabisa, angalia fyuzi kabla ya kulaumu chaja. Sarafu au kipande cha foili kikidondoka ndani ya tundu kinaipiga. Soma ampea zilizoandikwa kwenye kifuniko cha boksi la fyuzi, mara nyingi 10 au 15, uweke ya namba hiyo hiyo. Ukiweka kubwa zaidi, waya ndio utakaoungua badala yake.

Dira_Ziwa alijibu:

Zile ngazi unaweza kuzirekebisha mwenyewe, na zitakuwa zimerekebishwa kwa kila dereva atakayetumia ramani hiyo. Njia ya haraka ni kuacha dokezo: fungua ramani ya OpenStreetMap kwenye simu au kompyuta, sogea mpaka Isamilo, weka dokezo juu ya mstari wenyewe, uandike wazi, "hizi ni ngazi za mawe, upana kama mita moja na nusu, gari wala bodaboda haipiti, zinaanzia barabara ya chini na kuishia karibu na geti fulani." Mchoraji yeyote ataibadilisha. Ukifungua akaunti, ambayo ni bure, unagusa mstari na kubadilisha aina yake kutoka barabara kwenda ngazi, na unahifadhi. Badilisha kile tu ulichokiona kwa macho, na usinakili kutoka ramani ya kampuni nyingine, hairuhusiwi.

Kifaa chako hakitaona badiliko siku hiyo. Anayetengeneza faili za Garmin anachukua nakala mpya kwa ratiba yake, wengi kila wiki. Kwa hiyo subiri toleo lenye tarehe ya baada ya badiliko lako, lipakue, futa gmapsupp.img ya zamani kwenye kadi, weka mpya. Nukta za wateja ulizohifadhi hazitafutika, ziko kwenye memori ya kifaa na siyo kwenye kadi. Ila zinakili kwenye kompyuta kabla hujaanza: ukikichomeka kwa ule waya wa data, folda la Garmin lililo ndani ya kifaa lina folda dogo liitwalo GPX, na faili Current.gpx ndiyo yenye nukta zako zote.

Mpaka toleo jipya litoke, kwa mteja wa juu ya ngazi tumia zile nukta mbili za Nukta_Tano, ya kwanza uiweke barabara ya juu.